Duru-Haitemba: Mpango wa Msitu Ulioandikwa Kijijini

Ukitaka msitu uishe upesi, watangazie wanaouzunguka kwamba karibuni utakuwa mali ya serikali. Ndivyo ilivyokuwa Duru-Haitemba, wilayani Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapimaji walipita, mpaka ukachorwa, habari zikaenea kwamba vilima vile vinafanywa hifadhi. Watu waliokuwa wakiingia kutafuta mzigo wa kuni sasa wakaingia na mashoka. Wachoma mkaa nao hawakubaki nyuma, wala waliokuwa wakinyemelea kipande cha shamba pembezoni. Kwa hesabu yao hawakukosea: kitu ambacho kesho utakamatwa ukikigusa, ni afadhali ukichukue leo.

Msitu wenyewe si wa kupamba kalenda. Ni miombo ya vilima na matuta, hekta zipatazo 9,000, iliyobaki katikati ya mashamba na malisho ya wilaya ambayo ardhi yake yenye rutuba imekuwa ikiwavuta wahamiaji kwa miaka mingi. Hakuna mivule wala mikangazi ya kumtia tamaa mfanyabiashara mkubwa wa mbao. Lakini chemchemi zinatoka humo, na kuni, fito, dawa, uyoga wa masika na asali, bila kusahau majani ya ng'ombe wakati mabonde yamekauka. Vijiji vinane viliuzunguka, miongoni mwake Duru, Riroda, Gidas, Ayasanda, Bubu na Endagwe. Wenyeji wengi ni Wagorowa, wakichanganyika na Wairaqw, Wabarabaig na wengineo. Babati wakati huo ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara haukuwapo hadi 2002.

Nia ya kuufanya hifadhi ilianza katikati ya miaka ya 1980, na haikutokana na ubaya wa mtu. Maofisa waliona miombo ya Babati ikiisha, nao walikuwa na dawa moja tu waliyofundishwa chuoni: pima, tangaza, weka mlinzi. Dawa hiyo ilikuwa ya zamani. Wajerumani walitoa amri yao ya kuhifadhi misitu ya koloni mwaka 1904, Waingereza wakaja na sheria yao mwaka 1921, kisha nyingine mwaka 1957, na ile ya 1957 ndiyo iliyorithiwa na nchi huru na kutumika kwa zaidi ya miaka 40. Ndani ya sheria hizo mwananchi hakusahauliwa kabisa. Tangazo la kusudio lilibandikwa, na mwenye madai alipewa nafasi ya kuyaleta. Tatizo ni kwamba alialikwa wakati mambo yamekwisha kukatwa. Mpango ulikuwa umeandikwa na bwana misitu, kwa lugha ya bwana misitu, na mwanakijiji alibaki kuwa mtu wa kufidiwa, kuvumiliwa au kufukuzwa.

Kuna jambo jingine lililokuwa likikua pembeni, ambalo wataalamu wa misitu hawakulitilia maanani mapema. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilikuwa na machungu yake, na wapo wazee ambao hadi leo hawataki kuisikia ikitajwa kwa wema. Lakini iliacha nyuma yake kitu ambacho nchi nyingi za Afrika hazina: kijiji chenye hadhi ya kisheria. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikipa kijiji halmashauri yake, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, iliyokuja kurudisha halmashauri za wilaya zilizofutwa mwaka 1972, ikakiruhusu kutunga sheria ndogo na kuzipeleka wilayani kuidhinishwa. Kwa miaka mingi uwezo huo ulitumika kwa mambo ya kawaida: ng'ombe kuingia shambani, pombe saa za kazi, ushiriki katika ujenzi wa shule. Hakuna aliyefikiri kwamba karatasi ile ile inaweza kubeba msitu mzima.

Na majira yalikuwa yakibadilika. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji. Tume ilizunguka Tanzania Bara, ikaketi kwenye mikutano ya hadhara na kusikiliza malalamiko ya watu walioporwa mashamba kwa barua na mihuri. Mojawapo ya mapendekezo yake makubwa lilikuwa kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote watu wazima, badala ya kuwa chini ya Rais kama mdhamini. Serikali ililikataa pendekezo hilo. Nalitaja kwa sababu kilichotokea Babati muda mfupi baadaye kilikaribia sana roho ya pendekezo lililokataliwa, ingawa kilipita mlango wa nyuma wa sheria ndogo.

Kufikia 1994, Duru-Haitemba ilikuwa imebakiza hatua za mwisho tu kuwa hifadhi kamili. Lakini walinzi wa serikali walikuwa wachache mno kwa vilima vile, wilaya haikuwa na fedha za kuongeza wengine, na kila aliyepita aliona hali inazidi kuharibika. Wakati huo wilaya ilikuwa na programu ya usimamizi wa ardhi iliyofadhiliwa na Sida, shirika la misaada la Sweden, na programu hiyo ilimwita mtaalamu wa masuala ya ardhi, Liz Wily, kusaidia kutafuta njia. Mtindo uliokuwa ukisifiwa duniani wakati ule ulitoka India. Katika mtindo huo, serikali inabaki na msitu, wananchi wanasaidia kuulinda, nao wanapewa sehemu fulani ya mazao kama shukrani. Babati ingeweza kuufuata bila lawama ya mtu yeyote.

Maofisa wa Babati waliamua kuuliza swali tofauti. Waliwakalisha viongozi wa vijiji na kuwauliza: kama serikali itaacha kuuchukua msitu huu, ninyi mtaufanyia nini? Tena wasijibu kwa maneno matupu, wakaonyeshe.

Hapo ndipo mtu anapopaswa kusimama kidogo, kwa sababu kilichofuata vijijini ndicho kiini cha historia hii. Kazi ya kwanza ilikuwa mpaka, na si ule wa wapimaji kati ya msitu na watu. Uliotafutwa sasa ni mpaka kati ya kijiji na kijiji ndani ya msitu: unaishia wapi msitu wa Duru na kuanza wa jirani yake? Ramani za ofisini hazikuwa na jibu. Wazee walikuwa nalo, lakini wazee wa kila upande walikuwa na la kwao, hivyo ikabidi mistari hiyo itembelewe kwa miguu na kukubaliwa papo hapo kwa kufuata kilima, korongo au mti unaojulikana. Ubishi haukukosekana. Lakini mpaka uliobishaniwa na kumalizwa na majirani wenyewe una nguvu ambayo kigingi cha zege hakina, kwa kuwa kila upande unajua ulichokiachia.

Kazi ya pili ilikuwa kuugawa msitu kwa matumizi. Sehemu zilizoumia zilifungwa zipone. Sehemu nyingine ziliachwa wazi kwa kuni kavu na mahitaji madogo ya nyumbani, na malisho yakaruhusiwa kwa maeneo na majira. Vyanzo vya maji vilipewa ulinzi wa pekee, navyo vichaka vya matambiko, ambavyo Babati inavyo vingi na ambavyo wenyeji walikuwa wakivilinda kwa desturi zao muda mrefu kabla neno hifadhi halijafika, havikuhitaji kujadiliwa sana.

Kisha zikaja sheria, na hapa vijiji viliwashangaza waliodhani kwamba watu wakipewa uhuru watajiruhusu kila kitu. Vilipiga marufuku mkaa. Vilipiga marufuku kulima ndani ya msitu na kujenga humo, kuchoma moto, na kukata miti mikubwa ya mbao. Vilifika mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mzinga wa asili katika nchi ya miombo mara nyingi hutengenezwa kwa gome: mti mzima mzuri, wenye shina lililonyooka, hukatwa mkato wa duara juu na chini, kisha gome hubanduliwa lote kama silinda na kushonwa kwa vijiti. Mzinga unapatikana, mti unakufa umesimama. Mrina asali mwenye mizinga mingi huacha nyuma yake uwanja wa miti iliyokauka, na nyuki wa kesho hawana maua. Vijiji viliuzuia ubanduaji huo, hali vikijua kwamba unawagusa wazee wao wenyewe. Sidhani kama ofisa yeyote wa wilaya angethubutu kuanza na jambo hilo. Angeambiwa anapiga vita asali.

Rasimu za mwanzo hazikuwa kamilifu. Nyingine zilikuwa na makatazo mengi na faini za kila namna, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyekabidhiwa rungu kwa mara ya kwanza, zikarekebishwa baada ya kurudi kwenye mikutano ya vitongoji ambako watu waliuliza maswali ya kawaida kabisa. Mwenye ndama atapita wapi kwenda majini? Mama anayechuma mboga za porini naye aombe kibali? Na akikamatwa mtoto wa mwenyekiti? Mpango uliotoka humo ulikuwa mfupi, unaosomeka kwa Kiswahili, na mtu yeyote aliyeketi mkutanoni aliweza kuueleza kwa kichwa. Wataalamu waliozoea mipango minene yenye hesabu za ujazo wa miti kwa hekta waliuona mwembamba. Ulikuwa mwembamba kweli. Lakini ile minene haikuwa imezuia shoka hata moja.

Ulinzi ulikabidhiwa vijana wa vijiji wenyewe. Hawakuajiriwa kwa mshahara. Malipo yao yalikuwa kusamehewa kazi za maendeleo za kijiji, na pale faini ilipotozwa, sehemu yake. Tofauti na askari aliyeletwa kutoka mbali, kijana wa Riroda anajua ni nani anayechoma mkaa, anajua kwa nini nyumba fulani ina fito mpya, na anajua njia anayopita mgeni usiku. Anajua pia kwamba akipokea rushwa, kufikia jioni mama yake atakuwa amesikia.

Mwaka 1995 sheria ndogo za vijiji ziliidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya ya Babati. Kwa anayesoma haraka, hii ni habari ya mihuri tu. Lakini maana yake ilikuwa kubwa. Makubaliano ya wanakijiji huwabana wanakijiji. Mfanyabiashara wa mkaa kutoka mjini anaweza kuyacheka. Sheria ndogo iliyoidhinishwa humbana kila anayekanyaga msitu, awe mwenyeji au mgeni, naye akikaidi anapelekwa mahakamani. Azma ya kuifanya Duru-Haitemba hifadhi ya serikali ikawekwa kando. Msitu ukawa hifadhi za vijiji, kila kijiji na kipande chake na mpango wake.

Ulipona? Waliouona kabla na baada wanasema ndiyo, na upesi kuliko walivyotarajia. Uvamizi ulipungua, moto ukapungua, nyuki wakarudi. Sababu moja iko kwenye tabia ya miombo yenyewe: kisiki kilichokatwa hakifi, hutoa machipukizi, na mizizi iliyojaa akiba chini ya ardhi husukuma shina jipya mvua ikinyesha. Adui wa machipukizi hayo ni moto wa mwisho wa kiangazi, wakati nyasi zimekauka sana na miale inapanda hadi kichwa cha mti mchanga. Ukizuia moto na jembe kwa miaka michache, miombo hufanya kazi iliyobaki bila kitalu wala mradi wa kupanda miche. Hili ni jambo la kuwapa tahadhari wanaotaka kuunakili mfano wa Babati kila mahali: msitu wa milimani wa kijani kibichi haurudi kwa namna hiyo.

Habari zilisambaa haraka kuliko waraka wowote wa wizara. Mkoani Singida, msitu wa Mgori, zaidi ya hekta 40,000, nao ulikuwa kwenye orodha ya kuchukuliwa. Vijiji vyake vitano vikafuata njia ile ile. Wilayani Kiteto, vijiji vya Sunya, Lengatei na Dongo pamoja na jirani zao viliunda kile kilichokuja kuitwa Suledo, msitu mkubwa zaidi kuliko hiyo miwili, ambamo wakulima na wafugaji wa Kimasai walilazimika kukubaliana nani anaingia wapi na lini. Mwaka 2002 Suledo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Dar es Salaam ilikuwa ikitazama, kwanza kwa wasiwasi. Hata hivyo Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998 ilikubali wazi kwamba vijiji vinaweza kumiliki na kusimamia misitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikafafanua ardhi ya kijiji ni ipi, na Sheria ya Misitu ya 2002, iliyoanza kutumika 2004, ikaondoa ile ya 1957 na kuipa hifadhi ya msitu wa kijiji nafasi yake kamili. Ni mara chache katika nchi yetu sheria kufuata nyuma ya vijiji badala ya vijiji kufuata nyuma ya sheria. Sheria hiyo pia ilidai kila msitu uwe na mpango wa usimamizi, na kwa msitu wa kijiji ikauweka uamuzi kijijini.

Lakini sheria hiyo hiyo ilifungua milango miwili, na milango hiyo haifanani. Kwenye ardhi ya kijiji, kijiji ndicho chenye msitu. Kwenye hifadhi za serikali, ikiwamo misitu ya milimani yenye thamani kubwa ya maji na viumbe, wananchi walikaribishwa kwa usimamizi wa pamoja: kamati inaundwa, doria zinapigwa, mpango unaandikwa kwa kushirikiana, kisha mkataba unasainiwa. Kwa miaka mingi mikataba mingi ilibaki bila saini, na moja ya sababu kubwa ni kwamba serikali ilikuwa haijaamua mgawanyo wa mapato utakuwaje. Vijiji vilifanya doria vikisubiri. Mikutano ilifanyika, mahudhurio yaliandikwa, chai ilinywewa. Ukiangalia ripoti utaona ushirikishwaji mkubwa. Ukimwuliza mjumbe wa kamati amepata nini, atakuambia habari za posho ya semina. Mimi naona hapo ndipo Babati ilipowazidi wengine: haikuwaalika watu kuchangia mpango wa mtu mwingine.

Duru-Haitemba yenyewe haikuingia peponi. Mpango wa 1995 ulikuwa mpango wa kufunga, kwa sababu msitu ulikuwa mgonjwa na ulihitaji kupumzishwa. Msitu uliopona unataka mpango wa aina nyingine, na huo ni mgumu zaidi kuuandika. Mapato ya kijiji kutoka kwenye faini hupungua kadiri wakosaji wanavyopungua, yaani ulinzi ukifanikiwa, mfuko wake unakauka. Fito na kuni za nyumbani hazijengi zahanati. Kilwa, upande wa pili wa nchi, vijiji vilikuwa na bahati ya mpingo: mwaka 2009 msitu wa kijiji cha Kikole ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza ya asili inayosimamiwa na jamii barani Afrika kupata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na gogo la mpingo linalokwenda kutengeneza klarineti lina bei ya kukiwezesha kijiji kujilipia walinzi. Miombo ya vilima vya Babati haina mti wa bei hiyo. Ina asali, ambayo ni biashara ya subira, na ina maji, ambayo mpaka sasa anayeyanywa bondeni hamlipi anayeyalinda mlimani.

Tena watu wameongezeka. Mashamba yanayopakana na msitu yamegawanywa kwa wana na wajukuu, na kila kiangazi kikali wafugaji huuliza kwa nini kanda iliyofungwa isifunguliwe. Kijana aliyezaliwa mwaka ule mipaka ilipotembelewa sasa amepita miaka 30. Hakuwahi kuwaona wapimaji, wala hana kumbukumbu ya ile hofu ya kunyang'anywa iliyowafanya wazazi wake wajibane. Anachokiona ni vilima vyenye miti na ng'ombe wake wenye njaa. Yeye naye ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji kama kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Anaweza kusimama, kutaka kanda ya malisho ipanuliwe, na wenzake wakimwunga mkono, mpango utafunguliwa uandikwe upya.